Jiwe la Kando ya Barabara: Kiongozi Alifika Lini, Alisimama Wapi, na Nani Aliandika Hivyo?

Kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Kondoa, mahali ambapo mabasi hupunguza mwendo kwa sababu ya matuta, ipo nguzo fupi ya saruji isiyofika kifuani mwa mtu mzima. Upande wake unaotazama lami uliwahi kubeba bamba la chuma. Leo yamebaki matundu manne ya skurubu na, chini yake, maneno yaliyochorwa kwa kijiti wakati saruji ikiwa bado mbichi: "LIMEWEKWA NA MH", kisha pengo, kisha "TAREHE 1" na tarakimu iliyolika. Mbuzi huja kujikuna hapo. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani huliita jiwe la Mwalimu, ingawa mmoja wao hushikilia kwamba ni la kiongozi aliyekuja miaka mingi baadaye, na mama auzaye karanga pembeni yao alinijibu kwamba yeye anachojua ni kuwa jiwe hilo limekaa pale siku zote bila kulipa ushuru.

Nimelipita jiwe hilo mara nyingi kiasi cha kutambua kwamba tatizo lake si kufutika kwa maandishi peke yake. Hata kama bamba lingekuwapo, zima na limesuguliwa, lingetuambia machache kuliko tunavyodhani kuhusu mgeni, na mengi kuliko tunavyodhani kuhusu waliompokea. Jiwe la ziara husimamishwa na wenyeji. Wao ndio wanaochagua mahali, wanaomlipa fundi, wanaotunga maneno na wanaoamua cheo cha nani kitangulie cha nani. Mgeni huvuta kamba tu, kitambaa kikaanguka, watu wakapiga makofi. Kwa hiyo anayetaka kulisoma jiwe la namna hiyo sawasawa inambidi aanze kuuliza nani aliliweka, lini, na kwa shughuli gani, ndipo amfikie huyo aliyetajwa.

Kitenzi kwanza

Neno la kutafuta mapema kabisa ni kitenzi. Katika mazungumzo ya kawaida kila bamba lililojengewa ukutani tunaliita jiwe la msingi, lakini katika shughuli za serikali kuweka jiwe la msingi ni jambo moja, kufungua ni jambo jingine, kuzindua ni la tatu, na kutembelea au kukagua ni la nne, ambalo kwa kawaida haliachi jiwe lolote. Aliyeweka jiwe la msingi alikuta kazi haijaanza au ipo katikati. Aliyefungua alikuta kazi imekwisha. Kuzindua ndiko kunakochanganya watu, kwa sababu neno hilo hutumika kwa jengo lililokamilika, kwa mradi unaoanza, na hata kwa kampeni ambayo haina tofali hata moja.

Mfano uko karibu. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la jengo jipya la Ikulu ya Chamwino tarehe 30 Mei 2020. Alifariki Machi 2021 kabla ya kazi hiyo kukamilika, na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua jengo hilo tarehe 20 Mei 2023. Mtu wa miaka mia moja ijayo atakayelikuta bamba moja tu, na akalisoma bila kujali kitenzi chake, atakosea kwa miaka mitatu na kwa kiongozi mmoja, na kosa lake litakuwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Kuna chanzo kingine cha mawe ambacho husahaulika upesi, nacho ni Mwenge wa Uhuru. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na mbio zake zilianza mwaka 1964. Kila mwaka huzunguka wilaya za nchi, na kila unapopita huacha kisima kilichofunguliwa, darasa lililozinduliwa, zahanati iliyowekewa jiwe la msingi. Anayefanya shughuli hizo ni kiongozi wa mbio za mwaka huo, ambaye jina lake halikai sana vichwani mwa watu baada ya Mwenge kuvuka mpaka wa wilaya. Hapo ndipo kumbukumbu inapoanza kumpandisha cheo. Mwaka wa kwanza watu husema Mwenge ulipita. Baada ya miaka kumi husema alipita mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam. Kizazi kinachofuata hakina shaka kwamba alikuwa Rais. Sidhani kama kuna anayedanganya. Jiwe lipo, sherehe ilikuwapo, ngoma ilichezwa, na jina likisahaulika watu huliziba pengo kwa jina kubwa kuliko yote wanayoyafahamu.

Jiwe huandikwa kabla mgeni hajafika

Jambo hili ni dogo, lakini limewapotosha wengi. Maandishi ya jiwe huwa tayari kabla ya tukio lenyewe. Fundi wa marumaru mjini hupewa karatasi yenye maneno yaliyokwisha kupitishwa, hukata herufi kwa mashine, huzijaza rangi, na kazi yake huondoka kwenye karakana siku mbili tatu kabla ya ujio. Siku yenyewe bamba limeshajengewa, limefunikwa kitambaa, na kamba imeelekezwa upande ambao wapiga picha wamepangiwa kukaa. Kama mvua ilikata barabara, kama msafara ulichelewa hadi giza likaingia na shughuli ikahamia kesho yake, kama mgeni rasmi alimtuma mtu amwakilishe, marumaru haina habari. Mara nyingine bamba jipya huagizwa. Mara nyingine tarehe huachwa ilivyo, kwa kuwa ni nani atakayemwita fundi arudi kilomita sitini kwa ajili ya tarakimu moja?

Kwa sababu hiyo, mimi huichukua tarehe ya bamba kuwa tarehe ya ratiba mpaka nipate ushahidi mwingine unaoithibitisha. Ushahidi huo mara nyingi haupo mbali, nao ni kitabu cha wageni. Hakuna shule, zahanati wala ofisi ya kata isiyokuwa nacho: daftari kubwa lenye jalada gumu, mistari iliyopigwa kwa rula, safu ya tarehe, ya jina, ya cheo, ya anakotoka, ya madhumuni na ya saini. Kitabu hicho hudharauliwa kwa sababu kila anayeingia hukisaini, hata aliyekuja kuuza sabuni. Lakini uzito wake unatokana na hilohilo. Mgeni mkubwa huandika siku aliyofika kweli, kwa mkono wake, katikati ya majina ya watu wa kawaida waliofika jana na juzi, na mpangilio wa tarehe za hao wadogo ndio unaomlinda mkubwa asihamishwe mwaka.

Maneno yanayotaja umri wa jiwe

Pale ambapo mwaka umefutika, msamiati wa jiwe huweza kuutaja kwa njia ya pembeni. Likiandikwa "Tanganyika" peke yake, maneno yake ni ya kabla ya tarehe 26 Aprili 1964, siku ya Muungano. Kati ya siku hiyo na Oktoba mwaka huohuo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu ambalo liliishi miezi michache tu, na jiwe linalolibeba ni adimu kama sarafu iliyokosewa. Likitaja Jimbo la Kati, lililokuwa na makao makuu yake Dodoma, tunarudi kwenye mgawanyo uliorithiwa kutoka kwa Waingereza, kabla ya majimbo kugeuzwa kuwa mikoa baada ya Uhuru. TANU likitajwa kama chama kilicho hai, tupo kabla ya tarehe 5 Februari 1977. CCM likitajwa, tupo siku hiyo au baada yake.

Vyeo vya Mwalimu Nyerere peke yake ni kalenda nzima. Alikuwa Waziri Mkuu nchi ilipopata Uhuru, akajiuzulu Januari 1962, akawa Rais kuanzia tarehe 9 Desemba 1962 hadi tarehe 5 Novemba 1985, na akabaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Jiwe linalomtaja kama Mwenyekiti wa Chama bila kumwita Rais lina kila dalili ya kuwa la miaka mitano hiyo ya mwisho, ambayo wengi huisahau kwa kudhani kwamba aling'atuka kila kitu kwa siku moja. Na likimwita "Hayati", basi ama limejengwa ama limeandikwa upya baada ya tarehe 14 Oktoba 1999, hata kama ziara inayosimuliwa ni ya mwaka 1965. Neno hilo moja hufichua mawe mengi yanayojifanya ya kale.

Hata adabu ya kutaja watu ina umri wake. Enzi za chama kimoja "Ndugu" lilikuwa neno la heshima kamili, nalo liliwatosha waziri na mjumbe wa nyumba kumi. "Mheshimiwa" limetapakaa zaidi tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Sitaki kulifanya hili kuwa kanuni, maana waandishi wa mawe hawakuwa na mwongozo mmoja, lakini mtu akikuonyesha jiwe la mwaka 1975 lililojaa "Mhe." kila mstari, una haki ya kuuliza lilichongwa lini. Majina ya maeneo husaidia vilevile. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Jiwe linalosema "Jiji la Dodoma" haliwezi kuwa limeandikwa kabla ya hapo.

Nguzo yangu ya Barabara ya Kondoa ina "MH" na haina zaidi. Inaweza kuwa mwanzo wa Mheshimiwa; inaweza pia kuwa Mhandisi, na hapo mgeni wetu mkubwa atageuka kuwa msimamizi wa daraja.

Mawe mawili, tarehe mbili, mkutano mmoja

Utata wa namna hii haukuanza na saruji ya juzi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Mpwapwa na Ugogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila aliyepita na kwa maji ya visima vyao. Henry Morton Stanley aliipita njia hiyo mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, akalipa hongo huku akinung'unika, na akamkuta mzee huyo Ujiji, pwani ya Ziwa Tanganyika. Ujiji kuna mnara unaotaja tarehe 10 Novemba 1871, na wageni hupigiwa picha mbele yake.

Lakini kusini mwa Bujumbura, nchini Burundi, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa la asili lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871, mwezi ukiwa umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Baadhi ya wenyeji na waongozaji wa watalii wamesimulia kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana. Hawakukutana hapo; walifika pamoja. Baada ya kuonana Ujiji walipanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa kuchunguza kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, kwa kuwa jibu lake lilihusu fumbo la chanzo cha Nile, wakakuta unaingia. Katika safari hiyo ndipo walipolala Mugere.

Kwa hiyo mawe yote mawili yanahusu watu walewale, mwezi uleule kwa mujibu wa maandishi yake, na lisilokuwa sahihi si jiwe la Mugere. Jiwe hilo lina majina mawili na tarehe, basi. Halina kitenzi. Wasomaji ndio waliolichomekea kitenzi "walikutana", kwa sababu ndicho walichokuwa wakikitaka. Upande wa pili, jiwe la Ujiji lenye kitenzi sahihi lina tarehe ambayo haijatulia: Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa maradhi na upweke, Stanley naye aliugua homa njiani hadi hesabu yake ikayumba, na watafiti kadhaa huuweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Ukiuliza jiwe lipi kati ya hayo ni la kweli, umeuliza swali ambalo halina jibu moja, maana moja limeshika mahali na kuteleza kwenye siku, na jingine limeshika ziara na kubebeshwa mkutano.

Barabara nayo huhama

Hapa ndipo penye kiini cha nguzo nyingi za kando ya barabara katika mikoa ya kati. Barabara ya Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati ni kipande cha ile njia ndefu ya kaskazini ambayo Waingereza waliiota kuwa itaunganisha Cape na Cairo. Kwa miongo mingi ilikuwa ya udongo na changarawe. Njia ya udongo haina adabu ya lami: inapoharibika kwa masika, madereva hupita pembeni, pembeni pakichimbika huhamia pembeni zaidi, na baada ya miaka kadhaa barabara imehama hatua mia tatu bila mtu yeyote kuamua kuihamisha. Lami ilipokuja, wahandisi walinyoosha kona, wakakwepa maeneo yanayotuamisha maji, wakainua tuta. Kipande cha Dodoma hadi Babati, chenye kilomita 251, kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na katika sehemu nyingi njia ya zamani ipo bado, imegeuka kuwa njia ya ng'ombe inayochungulia na kupotea kati ya miiba.

Mzee mmoja anayeishi karibu na ile nguzo alinisaidia kuelewa maana ya hilo. Nilimwamkia, akaitika, akauliza kama mimi ni mtu wa kupima viwanja, na nilipomhakikishia kwamba sikuja na futi akalegea. Nikamwomba anionyeshe mahali kiongozi aliposimama.

"Si hapo, mjukuu wangu," alisema, akielekeza fimbo upande wa pili kabisa, ng'ambo ya korongo. "Njia ilikuwa kule, penye ule mbuyu. Alisimama kule, sisi wanafunzi tukaimba. Hapo kwenye jiwe ni mahali walipomwaga saruji, maana gari lilikwama."

Nilipomuuliza jina la mgeni, alinitajia idadi ya magari: sita, moja bovu.

Maelezo yake yanapatana na ardhi. Mbuyu upo, na chini yake kuna mkondo mpana uliokaa chini kuliko shamba la kushoto na la kulia, alama ya njia iliyokanyagwa miaka mingi. Nguzo ilijengwa baada ya ziara, mahali ambapo vifaa viliweza kufika, na lami ilipokuja ikapita karibu nayo kwa bahati, hivyo leo inaonekana kana kwamba msafara ulisimama hapo hapo kwenye tuta. Msafiri anayeshuka na kupiga picha anapiga picha ya mahali gari la saruji liliponasa.

Lipo aina ya jiwe ambalo haliwezi kusamehewa kwa kosa la namna hiyo, nalo ni lile linaloadhimisha kifo. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Kumbukumbu yake iko kwenye barabara hiyo, na anayesimama pale anataka kujua ni hapa hasa. Ziara hutanda: kiongozi hushuka, hutembea, huhutubia, hula, huondoka, na jiwe likikaa popote ndani ya eneo hilo halijakosea sana. Ajali haitandi.

Wageni walioondoka bila jiwe

Tukikubali kwamba jiwe hufuata sherehe, tutaelewa kwa nini baadhi ya ujio mkubwa kabisa katika ardhi hii haukuwa na cha kuandikwa kwenye bamba siku ulipotokea. Novemba 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliyekuja baadaye kuwa Mfalme Edward VIII kwa muda usiotimia mwaka, mwaka 1936, alikuwa Dodoma katika safari ya uwindaji alipofikiwa na simu za maandishi kwamba baba yake anaumwa sana. Akashuka kwa reli hadi Dar es Salaam, akapanda manowari kurudi kwao. Ni tukio la historia ya dola nzima, lakini kitenzi chake ni kipi? Alipokea simu. Hakuna fundi anayeitwa kwa kitenzi hicho.

Kongwa ni kisa kizito zaidi. Pale ambapo Waingereza waliacha mabaki ya mradi wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, serikali ya Tanganyika na kisha Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika mahali pa kuweka kambi. Wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA walipita hapo kuanzia miaka ya 1960, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuja kuwa viongozi wa nchi zao. Kwa asili ya kazi yao hawakukata utepe. Wengi walitumia majina ya kificho, na kitabu cha wageni kingekuwa hatari kuliko bunduki. Leo Kongwa inahesabiwa miongoni mwa maeneo ya Mpango wa Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na kila alama inayowekwa pale inategemea makaburi, mabaki ya majengo na masimulizi ya wazee, yaani inajengwa kinyume kabisa na jiwe la ratiba: kumbukumbu imetangulia, maandishi yamefuata. Kwa maoni yangu alama za namna hiyo, zikifanywa kwa uangalifu, zina thamani zaidi ya kihistoria kuliko marumaru kumi zilizofunuliwa kwa kamba, kwa sababu aliyeziandika ilimbidi aulize.

Katikati ya hali hizo mbili yupo Mwalimu mwenyewe mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, alipokwenda Chamwino kushiriki kazi za kijiji cha ujamaa, ikiwemo kufyatua matofali. Ukitafuta alama ya ujio huo, kijiji chenyewe na nyumba zake ndiyo alama, na jina Chamwino kuambatana na Ikulu hadi leo ni sehemu ya masimulizi hayohayo.

Ni mali ya nani?

Watu hudhani kila jiwe la kumbukumbu linalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na baadhi ya vitu vya kiutamaduni vya kabla ya mwaka 1940. Kilicho baada ya hapo hulindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapokitangaza katika Gazeti la Serikali. Michoro ya miambani ya Kondoa, kule Kolo, imelindwa kitaifa na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nguzo ya saruji iliyo kilomita kadhaa kusini mwake, katika barabara hiyohiyo, haina mlinzi wa kisheria ila kijiji kilichoijenga.

Na kijiji chenyewe huenda hakina haki na kipande hicho cha ardhi. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu hufika mita 30 kila upande kutoka katikati, kutoka mita 22.5 za zamani. Jiwe lililojengwa nje ya hifadhi likajikuta ndani yake bila kusogea hata inchi, na siku ya kupanua barabara halitofautishwi na kibanda cha chipsi: hupigwa alama ya X. Mhandisi hafanyi hivyo kwa dharau. Katika michoro yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba hapo kuna kumbukumbu, kwa sababu hakuna aliyempelekea taarifa, na mtu wa kuipeleka ni serikali ya kijiji kupitia afisa utamaduni wa wilaya, mapema, kabla ya mkandarasi kushusha mitambo. Adui wa pili ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huuliza kilo tu; matundu manne ya skurubu katika nguzo yetu hayakutobolewa na mvua.

Kijiji kikiamua kulikarabati jiwe lake, hatua ya kwanza isiwe rangi. Rangi ikipita juu ya herufi zilizolika, mpakaji hulazimika kuamua kama ile ni 3 au ni 8, na uamuzi wake wa dakika moja hugeuka kuwa historia. Jiwe lipigwe picha kwanza jua likiwa chini, asubuhi au jioni, wakati kivuli kinapojaza mifereji ya herufi. Karatasi ibandikwe juu yake na kusuguliwa taratibu kwa mkaa. Kitabu cha wageni cha miaka hiyo kitafutwe. Wazee waulizwe mmoja mmoja, si katika mkutano wa hadhara ambapo wa pili hufuata kauli ya wa kwanza. Na bamba jipya likiwekwa, liandikwe tarehe yake lenyewe chini ya tarehe ya ziara, ili asije mtu akadhani yaliandikwa siku moja.

Nilirudi kwenye ile nguzo saa kumi na mbili kasoro jioni mwezi wa Juni, kwa shauri hilohilo la kivuli. Baada ya ile 1 kuna mkunjo unaoanzia juu kushoto na kushuka kwa mshazari. Ni 7, au ni 2 iliyopoteza kitako. Baada ya "MH" kuna E, ndogo, iliyosogea chini ya mstari kana kwamba aliyeandika aliikumbuka baadaye. Mhandisi ameondoka basi. Kitabu cha wageni cha shule ya jirani nilikiona kesho yake: mchwa wameanza na jalada wakaingia ndani, na ukurasa wa kwanza unaosomeka unaanza Agosti 1983, kwa saini ya mtu aliyekuja kukagua vyoo.